Soma Pamba Kabla Hujaitupa

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijamaliza chai, kijana wa mtaa wa pili aliingia uani kwangu, Arusha, na Yamaha YZ125 kuukuu. Hakuhitaji kupiga hodi. Nilikuwa nimemsikia tangu barabara kuu, kwa ule mlio wa debe tupu lililotiwa changarawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeiua tena?"

"Haijafa, mjomba. Ila inalia vibaya, na nguvu siioni. Fundi kaniambia ninunue pistoni."

Nikainama nyuma ya pikipiki nikapitisha kidole kwenye mdomo wa sailensa. Kilitoka cheusi, kinateleza, kama nimekichovya kwenye uji wa lami. Ubao wa namba wa kulia ulikuwa na michirizi ya uji huohuo hadi chini, na vumbi limegandia juu yake.

"Pistoni iache kwanza," nikamwambia. "Mara ya mwisho umebadilisha pamba lini?"

"Pamba gani?"

Simcheki. Amezaliwa wakati pikipiki karibu zote barabarani ni za mipigo minne, na eksozi ya bodaboda haifunguliwi mpaka ioze. Lakini mwenye pikipiki ya mipigo miwili ya matopeni, iwe YZ, KX, KTM au nyingine yoyote ya kukimbizia mashindano, anamiliki kitu kinachokula pamba kama kinavyokula plagi. Asipoibadilisha, eksozi itaanza kumwambia uongo kuhusu injini.

Tutenganishe kwanza vitu viwili, maana watu huviita kwa jina moja. Kutoka kwenye silinda kuna bomba linaloanza jembamba, likatanuka likawa na tumbo, kisha likabanwa tena mpaka likawa mkia. Hilo tumbo si la kupunguza kelele. Injini ya mipigo miwili haina vali za kufunga mlango wa moshi, kwa hiyo petroli mbichi hutoroka pamoja na moshi. Umbo la tumbo hurudisha wimbi la mgandamizo nyuma kwa wakati wake, likairudisha ile petroli ndani kabla pistoni haijaziba mlango. Aliyelielewa jambo hili kuliko wenzake miaka ya 1950 ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ kule Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea upande wa Magharibi akiwa na maarifa hayo kichwani, na mwaka 1962 akawapa Suzuki ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50. Tumbo la eksozi liliwahi kuwa siri ya kuvukia mpaka, ndiyo maana sipendi kuona mtu analigonga kwa nyundo ovyo.

Sailensa ndiyo inayofuata: ule mkebe mrefu wa aluminiamu ulio pembeni ya kiti. Ndani yake kuna bomba lenye matundu madogo mengi, na kati ya bomba na mkebe imejazwa pamba ya faiba. Moshi hupita katikati bila kizuizi. Mlio ndio unaopenya kwenye matundu, ukaingia kwenye pamba, ukasuguana na nyuzi mpaka ukaisha kama joto kidogo. Pamba ikilowa oili au ikipeperuka, mlio haupati pa kufia. Unadunda kwenye mkebe na kutoka nje na ukali wote, halafu injini inakuwa nzito kuitika ukifungua gesi kutoka chini. Sitakudanganya kwamba ukibadilisha pamba utaongezewa nguvu za farasi tano. Utarudishiwa ulichokuwa nacho, na majirani watarudi kukusalimia.

Wenye Yamaha AG100, zile za mabwana shamba na wamisionari, au DT za zamani, wasikimbilie kukata mkebe. Eksozi nyingi za aina hiyo hazina pamba. Zina vyumba vya bati na kipande cha ndani kinachochomolewa kwa nyuma ukifungua skrubu yake. Hicho hukwanguliwa masizi kikarudishwa, na kazi imekwisha.

Muda wa kubadilisha hutegemea unavyoendesha. Mimi huifungua kila baada ya saa 20 hivi za injini, na anayeshindana kila wiki akifanya mapema zaidi hatapoteza kitu. Lakini saa ni makadirio tu, sikio ni shahidi bora. Mlio wa pamba nzima ni mzito na umefungwa. Pamba iliyokwisha hutoa mlio wa bati, mkali, unaochoma. Ukigonga mkebe kwa kifundo cha kidole unasikia utupu upande mmoja. Ukiuinua baada ya kuufungua unaona umekuwa mzito kuliko unavyoukumbuka, maana umebeba oili ya miezi.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Ngoja injini ipoe kabisa. Chomoa springi zinazoshika eksozi, na kama huna ndoano yake tumia kipande cha waya mnene kilichokunjwa, si bisibisi, kwa sababu springi ikiruka hujui itatua kwenye jicho la nani. Fungua bolti mbili za sailensa kwenye fremu, ichomoe kwenye mpira wake wa kiungo. Ukishaitoa, tumbo nalo lisimamishe mdomo chini juu ya kopo usiku kucha. Utashangaa uji utakaokuta asubuhi.

Sasa tazama mkebe umefungwaje. Baadhi ya sailensa hushikwa kwa bolti ndogo za aleni, na hizo ni neema. Nyingine zina riveti kuzunguka kifuniko. Kabla ya kugusa chochote, chora mstari kwa msumari au kalamu ya rangi kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mkebe. Usidharau mstari huu. Matundu ya riveti mara nyingi hayakupangwa kwa nafasi sawa, na kifuniko kikigeuka kidogo tu utakaa saa nzima unazungusha huku silikoni inakauka mikononi.

Riveti hutobolewa kwa biti ya milimita 5, maana nyingi ni za milimita 4.8. Tafuta kwanza ile pini ya katikati uigonge kwa ndani, la sivyo biti itateleza juu yake na kukuchorea mkebe. Toboa kichwa peke yake. Kichwa kikikatika, mwili wa riveti unausukuma ndani kwa msumari butu. Kuna riveti zitakazozunguka pamoja na biti. Hizo usibishane nazo kwa kuongeza kasi, utaishia kupanua tundu la aluminiamu. Zikate kichwa kwa tindo kali, kwa upole.

Kifuniko hakitatoka kwa hiari. Silikoni ya zamani imekigandisha. Mimi humimina maji ya moto kuzunguka kiungo, naweka kipande cha mti kwenye ukingo, nagonga upande huu, nageuza, nagonga ule. Milimita moja moja. Anayetia bisibisi kwenye kiungo na kukandamiza hupata kifuniko chenye meno kama msumeno, na baada ya hapo moshi utavuja mpaka auze pikipiki.

Vaa glovu na shati la mikono mirefu, funga barakoa, na ufanyie nje penye hewa. Nyuzi za faiba hupenya ngozi na kuwasha siku mbili. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Ukizichanganya na kanga za mama watoto utayasikia, na hutakuwa na utetezi. Ukianza kuwashwa osha kwa maji baridi na sabuni bila kusugua.

Bomba la matundu likitoka na pamba yake, hapa ndipo wengi hukosea. Wanaing'oa pamba kwa koleo, wanaitupa kwenye pipa, wanaanza kufunga mpya. Subiri. Itandaze kwenye karatasi, ikae kama ilivyokuwa, mbele iwe mbele na nyuma iwe nyuma. Pamba hiyo imekaa kwenye njia ya pumzi ya injini yako kwa miezi, na hakuna fundi atakayekueleza hali ya injini kwa uaminifu kama huo.

Ikiwa imekauka, ya kijivu au kahawia, inavunjika mikononi karibu na bomba huku nje bado ina weupe, imezeeka kwa haki yake. Injini inachoma vizuri, badilisha uendelee. Ikiwa imesukumwa yote nyuma na mbele pako uchi, mara ya mwisho ilifungwa kwa ulegevu, ikawa inatembea. Ukikuta shimo upande mmoja tu kama limechomwa na kiberiti cha gesi, shika bomba ulichunguze kwenye mwanga: kuna ufa palipochomelewa au matundu mawili yameungana, na moshi ulikuwa unapiga hapo moja kwa moja. Pamba mpya juu ya bomba lenye ufa haitamaliza mwezi, kwa hiyo bomba liende kwa mchomeleaji kwanza.

Ya kijana wangu haikuwa hivyo. Ilikuwa imelowa kuanzia mbele hadi nyuma, nyeusi, nzito kama tambara la deki. Tuliibana kwa mti na ikatoa oili kwenye karatasi. Kulowa kwa namna hii kuna sababu chache, na zinafaa kuulizwa kwa mpangilio.

Niliuliza kwanza pikipiki ilitoka wapi. Kumbe aliinunua Dar es Salaam miezi minne nyuma na hajagusa kabureta tangu ifike. Nusu ya jibu ilikuwa hapo. Dar iko usawa wa bahari, Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake. Hewa ya huku ni nyembamba, kwa hiyo jeti iliyopima petroli sawasawa kule Pwani, huku inamimina kupita kiasi. Petroli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, na oili iliyoyeyushwa ndani yake haiungui pia, inaenda kukaa kwenye pamba. Anayetoa pikipiki Mombasa kuipeleka Nairobi anakutana na jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Dawa ni jeti kuu ya namba ndogo kidogo, na pengine kupandisha kipini cha sindano hatua moja ili sindano ishuke. Hatua moja, kisha unaiendesha na kutazama plagi. Ukipunguza mno injini itapata joto na pistoni itashika, na hapo yule fundi wa pistoni atakuwa amepata kazi kweli.

Swali la pili lilikuwa anavyoendesha. Akasema huzunguka nayo mtaani taratibu kwa sababu askari wa usalama barabarani wanamjua. Injini hii haikutengenezwa kwa mwendo wa kwenda dukani. Ikipata joto nusu, oili hukusanyika. Siku moja ya kuiachia uwanjani, gesi imefunguliwa, ingesafisha zaidi ya tambara lolote.

La tatu ni kipimo cha oili. Alikuwa anamwaga kwa macho, nusu chupa ya soda kwenye kidumu cha lita 5. Nusu ya chupa ya mililita 350 ni mililita 175, yaani oili 1 kwa petroli 29 hivi. Kwa 1 kwa 32 lita 5 zinahitaji mililita 156, na kwa 1 kwa 40 ni mililita 125. Fuata kitabu cha pikipiki yako na oili uliyonunua, ukitumia bomba la sindano lenye mistari, linalouzwa duka la dawa. Lakini tafadhali usiponye mchirizi wa sailensa kwa kupunguza oili chini ya kipimo. Oili hiyo ndiyo inayolainisha krenki, beringi na pistoni, hakuna nyingine. Mchirizi unatibiwa kwenye jeti kwanza.

Na kuna sababu ya nne ambayo wengi hawaifikirii. Ikiwa jeti ni sawa na kipimo ni sawa, lakini moshi ni mweupe mzito, unanuka oili ya gia, na kila ukipima oili ya gia unakuta imepungua bila kuvuja chini, basi sili ya krenki upande wa klachi imechoka. Injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Hapo unaweza kubadilisha pamba kila Jumapili na usimalize tatizo.

Turudi kwenye kufunga. Bomba la matundu lilaze kwenye beseni la mafuta ya taa mpaka masizi yalainike, kisha lisugue kwa brashi ya waya. Matundu yaliyoziba yazibue moja moja kwa msumari au biti ndogo. Ni kazi ya kuchosha, weka redio. Mkebe wa aluminiamu ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na usimruhusu mtu akushauri kutumia kostiki soda. Kwa kuondoa masizi ndani ya tumbo la chuma wapo wanaoitumia kwa uangalifu, ila aluminiamu inaliwa. Inachemka, inatoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto, na mkebe unabaki ngozi ya kitunguu.

Pamba nunua ile ya sailensa ya pikipiki, ya nyuzi ndefu za kioo au za mwamba wa volkano. Maduka ya spea za pikipiki za mashindano huwa nayo, au waendeshaji huagiza kwa pamoja kutoka nje. Najua bei inauma, na najua njia za mkato, maana nimezipita. Miaka ya nyuma fundi mmoja alinijazia zile waya za kusugulia masufuria. Mlio ulikuwa mzuri ajabu kwa Jumapili mbili. Ya tatu mvua ilinyesha, na wiki iliyofuata sailensa ikawa inatema unga wa kutu kwenye jezi ya kila aliyekuwa nyuma yangu. Waya wa chuma usioshika kutu unafaa kuwa tabaka la kwanza juu ya bomba, kulinda pamba isichomwe, lakini ule wa jikoni uache jikoni. Mati ya faiba ya wajenzi wa boti kule Pwani ni nyuzi zilizokatwa fupi, hupeperuka mapema. Sponji ya godoro sitaisemea. Na ukikuta kamba nyeupe ya majiko na matanuri ya zamani, hata ukipewa bure, usiiguse: inaweza kuwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani.

Kata pamba kwa urefu wa ndani wa mkebe, isipungue. Izungushe kwenye bomba kama unavyofunga bandeji, kuanzia mbele, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene uzidi kidogo nafasi ya mkebe. Ukiikandamiza kwa kiganja irudi polepole, kama mkate wa jana. Ikiwa ngumu kama mpira umezidisha, na mlio hautapata pa kupenya. Ikiwa inacheza, itapeperuka. Ishike kwa mizunguko michache ya selotepu ya karatasi, ambayo itaungua yenyewe siku ya kwanza.

Kuiingiza ndiko kunakotoa watu jasho, kwa sababu pamba inajikunja ukingoni na kurudi nyuma. Zamani tulikuwa tunaizungushia mfuko wa plastiki ili iteleze, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu 2019, na kwa kweli tulipata kitu bora: karatasi ya kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ile nene inayong'aa. Viringisha karatasi kuzunguka pamba, upande unaong'aa uwe nje, iwe ndefu kuliko mkebe kwa kiganja kimoja. Sukuma vyote pamoja huku ukizungusha upande uleule ulioviringishia. Bomba likifika mwisho wake, lishikilie kwa mkono mmoja na uvute karatasi itoke polepole. Tulitumia kalenda yenye picha ya Mlima Meru, ikatoka nzima.

Ukingo wa kifuniko na wa mkebe usugue kwa msasa mpaka silikoni ya zamani iishe. Paka mpya, ile ya kuvumilia joto kali, uzi mwembamba tu unaozunguka bila kukatika. Linganisha ule mstari uliochora, piga riveti za milimita 4.8 kwa kupishana pande, moja hapa, inayofuata ng'ambo yake. Kisha iache ilale usiku mzima. Kijana wangu alitaka kuiwasha jioni ileile, nikaficha plagi.

Wakati wa kurudisha, kagua mpira wa kiungo kati ya tumbo na sailensa, na oringi za kwenye silinda. Mpira uliopasuka huvuja uji hata kama pamba ni mpya, na utadhani kazi imeharibika. Busha za mpira za kushikia mkebe zikiwa zimekwisha, mtetemo utapasua mabano ya aluminiamu, na kuichomelea hiyo si kazi ya kila mchomeleaji. Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi na harufu ya kitu kinachoungua. Ni selotepu na silikoni. Dakika kumi itakuwa imeisha.

Pamba ya zamani usiichome, funga kwenye gunia uipeleke dampo. Na tarehe uiandike kwa kalamu ya rangi chini ya mkebe, mahali ambapo haionekani ila na wewe.

Kijana aliondoka Jumapili mchana. Nilimsikia mpaka kwenye kona, mlio mzito uliofungwa, kisha sikumsikia tena, ingawa kona ile huwa tunasikia hadi baiskeli. Jumamosi iliyofuata alirudi kwa miguu, shikamoo mjomba, na kwenye kiganja ameshika jeti kuu ya kabureta yake, ameifuta hadi namba inasomeka. Alitaka kujua ni duka gani mjini lina ndogo yake.